Elizabeth Zimmermann na Ikhtiari ya Mfumaji

Wanaoandika tarehe ya sweta hupenda kutaja watu wakubwa waliozivaa na viwanda vilivyouza sufu yake, ilhali yule aliyeketi akafikiri jinsi vazi litakavyopanda kutoka kiunoni hata shingoni hupitwa kana kwamba hakuwapo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, huko Uingereza na Marekani, maelezo ya ufumaji yalitolewa kwa wingi na kampuni za uzi, katika vijitabu vya bei nafuu ambavyo muradi wake hasa ulikuwa kuuza uzi. Mara nyingi jina la mbunifu halikuchapwa kabisa, na mfumaji naye alipokea amri tupu: aanze kwa vitanzi kadha wa kadha, apunguze hapa, aongeze pale, pasi na kuambiwa sababu.

Aliyeleta mageuzi makubwa katika desturi hiyo ni Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1910, akasomea sanaa Uswisi na Munich, akaolewa na Arnold, Mjerumani fundi wa kutengeneza bia. Utawala wa Hitler ulipozidi ukali wake, wawili hao waliiacha Ujerumani, wakahajiri Marekani mwaka 1937, na baada ya miaka kadhaa wakatua Wisconsin.

Zimmermann alifuma kwa mzunguko, kama walivyofuma tangu zamani wanawake wa visiwa vya Shetland na wa pwani nyingi za wavuvi za Ulaya ya kaskazini. Kwake yeye sweta ilikuwa mapipa matatu ya sufu, moja la kiwiliwili na mawili ya mikono, yanayokutana kwapani kisha kupanda pamoja yakizidi kuwa membamba hadi shingoni. Afumaye hivyo huuona upande wa nje wa kazi yake wakati wote, na nakshi za rangi humtazama usoni mstari baada ya mstari, wala hana vipande vya kushona mwishoni.

Basi katikati ya miaka ya 1950 aliuzia kampuni moja ya uzi kiolezo cha sweta yenye nakshi za rangi kuzunguka mabega, na wahariri wakayageuza maelezo yake yawe ya vipande bapa, vya kwenda na kurudi, ambavyo humlazimu mfumaji kuzifuma rangi upande wa nyuma, mahali asipoziona. Naona alikuwa na haki kamili ya kuudhika, kwa kuwa hawakumbadilishia maneno tu. Waliiondoa ile fikra ambayo vazi zima lilijengwa juu yake. Mwaka 1958 akaanza kutoa waraka wake mwenyewe kwa wafumaji, na mwaka 1959 akaasisi Schoolhouse Press, ambayo jina lake latokana na nyumba aliyoishi, iliyokuwa shule hapo awali, akauza humo vitabu na sufu kwa njia ya posta.

Lililo adhimu zaidi katika kazi yake ni hesabu aliyompa mfumaji mahali pa amri. Mfumaji hufuma kwanza kofia, kwa uzi na sindano atakazotumia, kisha huweka rula juu yake na kuhesabu vitanzi vilivyomo katika inchi moja. Tuseme ni 5, na kifua cha sweta kinatakiwa kiwe inchi 40: kiwiliwili kitakuwa na vitanzi 200, nayo hiyo ndiyo asilimia 100. Kifundo cha mkono huchukua asilimia 20, yaani vitanzi 40. Mkono wa juu huchukua thuluthi moja, takriban 66. Shingo asilimia 40, yaani 80. Kwa tarakimu hizo chache mtu aweza kumfumia mtoto mchanga au baharia mnene, kwa uzi mwembamba au mzito, bila kumwomba mbunifu ruhusa wala karatasi nyingine. Kitabu chake cha mwaka 1971, *Knitting Without Tears*, kiliyaeneza maarifa hayo mbali, kwa lugha ya mtu anayezungumza na jirani yake.

Wala hakujidai kuwa mvumbuzi. Alipogundua njia mpya alikataa kusema ameibuni, akiamini kwamba katika karne nyingi za ufumaji lazima kuna mkono ulioifikia kabla yake. Adabu hiyo ilikuwa na taathira yake, maana mfumaji aliyeichukua njia hiyo alijiona mshirika katika kazi, mwenye idhini ya kuirekebisha.

Zimmermann alifariki mwaka 1999, na binti yake, Meg Swansen, akaendelea na Schoolhouse Press. Hesabu nayo haikubaki ilivyokuwa: watu walipopenda mikono mipana, ile thuluthi ya mkono wa juu iliongezwa kufikia asilimia 35 na zaidi, na mwenye kitabu cha zamani hahitaji kukitupa, bali hubadili tarakimu hiyo moja kwa kalamu yake na kuendelea kufuma.