Paa Lililo Juu ya Vichwa Vyetu

Usharika wowote uliotimiza umri mkubwa una kumbukumbu za watu na kumbukumbu za jengo. Habari za watu, yaani wainjilisti, wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama na wanakwaya, ndizo hujaza kurasa nyingi za vitabu vya namna hii, na ni haki yao. Lakini hatuna budi kuzungumzia pia paa. Katika maandalizi ya karibu kila jubilei, kamati ya ujenzi huanza na paa, kwa kuwa ndilo wageni huliona kabla hawajafika mlangoni. Na ni hapo, katika juma moja au mawili ya kuezua na kuezeka, ambapo umbo lililowafunika waumini wa vizazi vitatu huweza kuondoka lisirudi tena. Swali lililo mbele ya kila kamati ni hili: paa lichakaapo, ni kitu gani kinachopaswa kubaki?

Wazee wetu wa Usukuma walikuwa na jibu, ingawa hawakuliandika. Nyumba yao ilikuwa msonge, duara lililoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Hata makao ya mtemi yalikuwa ya namna hiyo. Yaliitwa ikulu, neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulipeleka mbali. Nyasi haziishi miaka mingi. Huoza, huliwa na mchwa, huungua. Kwa hiyo kila baada ya muda majirani walikusanyika, nyasi kuukuu zikashushwa, mpya zikapandishwa, na vijana wakajifunza kwa kuwatazama wakubwa wao. Hakuna aliyesema nyumba imepoteza historia yake. Nyasi zilibadilika, umbo na ufundi vikabaki.

Anayetaka kuliona wazo hilo likiwa limejengwa kanisani aende Bujora, karibu na Kisesa, upande wa Mwanza. Huko Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alisimamia katika miaka ya 1950 ujenzi wa kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na mwaka 1968 ikafunguliwa hapo makumbusho ya Wasukuma. Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuona haya kujifunza kwa ndugu zetu Wakatoliki katika jambo hili. Sehemu kubwa ya makanisa yetu tuliyajenga kwa umbo la bohari na kuyaita ya kisasa.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba paa ni miti kabla ya kuwa nyasi au bati. Shinyanga ilipoteza misitu yake kwa ukataji wa miaka mingi, ukiwamo ule wa kufyeka mapori ili kumwondoa mbung'o wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004 na kufufua desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho na miti ijiotee yenyewe. Eneo la ngitili lililokuwa hekta mia chache mradi ulipoanza lilifikia mamia ya maelfu ya hekta. Atakayeulizia nguzo na mbao za kuezekea katika mkoa huu ajue kwamba bei yake ina historia hiyo nyuma yake.

Kisha likaja bati. Katika ukanda wa dhahabu hakuna haja ya kueleza maana yake. Mgodi wa Geita wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Katika vipindi vyote hivyo, na kwa wachimbaji wadogo hadi leo, aliyepata alionekana kwa bati lake. Kanisa nalo lilifuata njia hiyohiyo: ibada chini ya mti, kisha banda la nyasi, kisha nyumba ya bati. Mwandishi wa sura hii halaumu bati hata kidogo. Anayelilaumu hajawahi kuhamisha madhabahu usiku kwa sababu ya kuvuja.

Wala suala hili si la uzuri tu. Mwezi Machi mwaka 2015 mvua ya mawe na upepo iliipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama, ikaua watu zaidi ya 40 na kubomoa nyumba mamia, nyingi zikiwa za udongo. Waliolala chini ya paa usiku ule walitegemea kwamba limefungwa vema na kwamba kuta zitalibeba. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamwagiza mwenye nyumba mpya aweke ukingo darini asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Sheria ya ujenzi imo katika Maandiko, na iliwekwa kwa ajili ya uhai wa mtu. Fundi yeyote anayesema paa la zamani lisiguswe kwa heshima ya historia, huku kenchi zimeliwa na mchwa, hajaielewa historia wala Maandiko.

Je, sheria za nchi zinasemaje? Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale; la baada ya hapo huhitaji tangazo la Waziri. Ajabu ni kwamba mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki hulindwa ukiwa umetengenezwa kabla ya mwaka 1940. Mlango umehurumiwa kuliko paa. Makanisa ya Shinyanga na Geita yalijengwa baada ya mwaka 1863, hivyo hakuna ulinzi unaoyajia yenyewe. Mlinzi wake ni kamati ya ujenzi na mkutano mkuu wa usharika.

Kwa sababu hiyo inafaa tuwatazame waliotutangulia pwani, ambako majengo ya kanisa yamesimama muda mrefu zaidi. Kanisa letu la Azania Front, Dar es Salaam, lilijengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1898 na 1902, na vigae vyake vyekundu ndivyo vinavyolitambulisha kwa anayeingia bandarini. Hebu tufikiri ingekuwaje kama mtu angelishauri kuviondoa na kuweka bati la rangi kwa kuwa ni rahisi. Hasara isingekuwa ya macho tu. Paa la vigae vya udongo huwa na uzito wa kilo 40 na zaidi kwa kila mita ya mraba. La bati halifiki kilo 5. Kenchi zilizochongwa kubeba mzigo mzito hutulizwa na mzigo huo. Ukiuondoa, upepo hupata nafasi ya kuliinua paa zima, usipolifunga upya kwenye lenta. Na anayefanya kinyume, akapandisha vigae juu ya kenchi za bati, hutafuta maafa ya namna nyingine.

Zanzibar ina sheria zake. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Huko mwenye nyumba haezui bila kibali. Katika mji huo, Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, Askofu Edward Steere wa Anglikana, yule aliyetafsiri sehemu kubwa ya Maandiko kwa Kiswahili, alijenga kanisa kuu ambalo paa lake ni kuba ndefu ya saruji na matumbawe yaliyopondwa. Amezikwa humo, nyuma ya madhabahu, tangu mwaka 1882. Miaka ya 2010 dayosisi ile ilifanya ukarabati kwa kushirikiana na shirika la World Monuments Fund na kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Kanisa halikuvunjwa ili lijengwe lingine jipya, lilitibiwa.

Lakini katika mji huohuo, wenye kila kinga ya karatasi, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilipoteza sehemu ya roshani zake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara ikaanguka na kuua watu wawili. Mafundi wa kule wanajua kwamba nyumba za mawe na chokaa hupumua. Maji yakiingia juu na kukosa njia ya kutoka, boriti huoza ndani ya ukuta bila mtu kuona. Mji ulikuwa na tangazo, ramani na mamlaka. Hata Ulaya hawakuepuka msiba wa namna hii: kanisa la Notre-Dame mjini Paris liliteketea paa lote tarehe 15 Aprili 2019 likiwa katika matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2024 kwa kenchi za mwaloni zilizochongwa upya kwa kufuata zile za kale. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa kenchi zile zilikuwa zimepimwa na kuchorwa kabla ya moto.

Hapo ndipo penye upungufu wetu. Ni sharika ngapi katika kanda hii zenye mchoro wa kenchi zake? Tunazo picha za maaskofu wakikata utepe. Picha ya dari kwa ndani ni adimu. Kabla bati la kwanza halijang'olewa, mtu mmoja apande na kamba ya kupimia, aandike mwinuko wa paa, urefu wa mapana nje ya ukuta, aina ya mbao na jinsi zilivyounganishwa. Kijana mwenye simu apige picha kila kona. Karatasi hizo zihifadhiwe pamoja na vitabu vya ubatizo. Bati jipya, la geji nene kadiri mfuko unavyoruhusu, lifuate mwinuko uleule. Kenchi zinazofaa zibaki, zilizoliwa zibadilishwe moja moja. Na fundi anayependekeza kubadilisha umbo lote kwa sababu tu jubilei imekaribia aombwe kwa upole asubiri.

Jambo la mwisho ni majira. Mvua za kwetu huanza Oktoba au Novemba. Kazi ya kuezua ifanyike baada ya mavuno, Juni au Julai, wakati washarika wana chochote cha kutoa na anga ni kavu. Kama sherehe imepangwa kabla ya hapo, basi Baba Askofu na wageni wataketi chini ya bati kuukuu, na mabeseni yawekwe tayari.