Moshi wa Makumbi Ulijua Kabla ya Maabara

Habari za Pemba zikiandikwa, huandikwa za karafuu. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, vitabu vimejaa bei, wachumaji na ushuru. Mgomba wa uani haukupata mwandishi, japo ndizi ni kongwe kuliko karafuu katika mwambao huu: msafiri Ibn Battuta alizikuta Mombasa mwaka 1331.

Haki yake ingeanzia kwenye shimo la kuvundikia. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa, bado kijani. Shimo hutandikwa majani makavu ya mgomba, chane zikapangwa, zikafunikwa majani mengine na udongo. Pembeni huachwa tundu; hapo huwashwa makumbi ya nazi, moshi ukapepewa ndani, kisha tundu likazibwa. Baada ya siku tatu au nne ndizi za kisukari hutoka zimeiva zote kwa pamoja. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni joto. Joto husaidia, lakini mwenye kazi ni gesi.

Gesi hiyo ni ethilini. Mwaka 1901 Dimitri Neljubow wa St Petersburg aligundua kuwa ndiyo iliyokuwa ikiipinda miche yake ya njegere, ikivuja kutoka gesi ya taa. Huko California wakulima nao walikuwa wakigeuza malimau mabichi kuwa ya manjano kwa majiko ya mafuta ya taa, wakisifu joto. Walipoleta mitambo ya joto isiyo na moshi, malimau yakabaki kijani! Mwaka 1924 F. E. Denny akaeleza: moshi ulikuwa na ethilini. Miaka kumi baadaye Richard Gane, Uingereza, akathibitisha kuwa tunda lenyewe huitoa. Ikawa homoni, kama zile zinazoamuru mzizi uote au chipukizi lirefuke.

Ndizi ikishaonja ethilini kidogo, huanza kutengeneza nyingi zaidi. Wanga hugeuka sukari, ganda hupoteza ukijani, nyama hulainika. Moshi huanzisha, na shimo huzuia gesi isitoroke. Asiye na shimo hufunga ndizi mbichi mfukoni pamoja na moja mbivu; matokeo ni yale yale, taratibu kidogo.

Kwenye nanasi gesi hiyo hiyo huleta maua. Wakulima wa visiwa vya Azores waliligundua hilo kwa moshi mwishoni mwa karne ya 19, na leo wakulima wa mashamba makubwa hupulizia dawa inayotoa ethilini ili mananasi yazae kwa wakati mmoja.

Wafanyabiashara wengine wameliacha shimo, wanatumia kabaidi ya wachomea vyuma. Gesi yake hufanana na ethilini kwa kazi, lakini kabaidi ya kiwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosfini. Kwa tunda la kuliwa, hapo sioni cha kujadili: makumbi yapo tele. Angalizo dogo kwa mwenye bustani: mchicha uliochumwa usiulaze karibu na ndizi zinazoiva, utageuka manjano kabla haujafika jikoni.