Kipimajoto: Kutoka Zebaki Hadi Chembe Zinazong'aa

Mama mpendwa, mtoto akisumbuka usiku, kwanza unamwekea kiganja kwenye paji la uso. Si vibaya. Lakini kiganja kilichotoka kuosha vyombo kwa maji baridi humwona kila mtu ana homa.

Hata madaktari walitegemea mkono kwa muda mrefu. Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, lakini miaka 150 baadaye vile vya hospitali bado vilikuwa na urefu wa karibu sentimita 30, na mgonjwa alikaa nacho dakika 20. Hebu mwambie mtoto wa mwaka mmoja atulie hivyo! Ndipo daktari Mwingereza, Thomas Clifford Allbutt, akaleta kifupi cha sentimita 15, kinachotoa jibu kwa dakika 5. Mwaka 1868 Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani, akachapisha kitabu kutokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Alifundisha kwamba homa si ugonjwa, bali ni dalili.

Zebaki nayo ni sumu. Kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, nchi zilikubaliana kuacha kutengeneza na kuuziana vipimajoto vyake kufikia 2020.

Sasa wanasayansi wanapima joto kwa nuru. Wanatumia chembe ndogo mno, mamia yake yaenee kwenye upana wa unywele mmoja. Zenye madini ya erbiamu zikimulikwa hutoa nuru ya kijani ya namna mbili. Joto likipanda, moja huzidi nguvu kuliko nyenzake, na kwa kuzilinganisha joto hujulikana. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard, Marekani, walipima joto ndani ya seli moja hai ya binadamu kwa chembe za almasi. Kazi hiyo ingali ya maabara. Kile kifaa cha kuelekezwa kwenye paji la uso ni kingine kabisa: hupokea tu miali ya joto itokayo kwenye ngozi.

Nyumbani, cha dijitali kinatosha. Kiweke kwapani, ubane mkono wa mtoto mpaka kilie. Ni 37.5 au zaidi? Hiyo ni homa. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au aliyepoa chini ya 35.5, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.