Mfarishi na Bei Yake

Mwaka 1886, mjini Athens, jimbo la Georgia, mwanamke aliyezaliwa utumwani alipeleka mfarishi wake kwenye maonyesho ya pamba. Aliitwa Harriet Powers. Mifarishi, yale mablanketi ya viraka yenye pamba katikati, ilijaa majumbani Kusini mwa Marekani, lakini wake ulikuwa na miraba 11 ya visa vya Biblia: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimuua Abeli, Yakobo na ndoto yake. Mwalimu mmoja wa sanaa, mzungu, Jennie Smith, alitaka kuununua. Harriet akakataa katakata.

Miaka michache baadaye shida ikambana. Akaja kwa gari la maksai, mfarishi kaupakata mapajani, umefungwa katika mfuko safi wa unga na juu yake gunia. Alitaka dola 10, akaambiwa 5. Akashauriana na mumewe, akapokea. Kabla ya kuondoka alimweleza Smith maana ya kila mraba, na baada ya hapo alirudi mara kadhaa kuutazama tu, kama mtu anayemtembelea mwanawe aliyeozwa mbali. Leo mfarishi huo uko katika makumbusho ya Smithsonian.

Mimi zile dola 5 hazinitoki kichwani. Vizazi vilivyofuata viliendelea kushona, na kila mara mtu mwingine alikuja na bei yake.

Twende Alabama, mahali ambapo mto umeizunguka ardhi pande tatu. Pale Gee's Bend, mwenye shamba Mark Pettway alihamia mwaka 1846 na watumwa wake wapatao 100, waliotembezwa kwa miguu kutoka North Carolina. Utumwa ulikwisha, jina la Pettway likabaki kwa wajukuu wao, na deni nalo likabaki. Mwaka 1932, mfanyabiashara aliyekuwa akiwapa mali kauli alipofariki, wadai walipita nyumba hadi nyumba wakabeba mifugo, mazao na zana za kilimo. Kuta za mbao zilizibwa upepo kwa kurasa za magazeti. Katika baridi ile mfarishi haukuwa pambo.

Ulishonwa kwa kilichokuwapo, hasa nguo za shambani. Ukiutazama kwa karibu unaona suruali: kitambaa kimepauka kwa jua na kufuliwa, ila pale mfuko ulipobanduliwa pamebaki mraba wa buluu iliyokoza. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alizichana nguo za kazi za marehemu na kuzishona mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike upendo wake. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyekuja kusimulia. Aliyerithi kanga ya bibi yake hahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ya 60 watu wa pale walipodai haki ya kupiga kura, pantoni ya kuvukia mto ilisimamishwa, isirudi hadi 2006. Mwaka 1966 wanawake wa wilaya ya pale, Wilcox, walianzisha ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee, na kwa wengi huo ukawa mshahara wa kwanza usiotoka shambani. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za kodrai, kila moja sawa na mwenzake. Kazi ya kuchosha, lakini masalio yalikwenda nyumbani, na huko hakuna aliyewapangia ruwaza. Kwangu mimi, ile mifarishi ya kodrai, rangi ya haradali ikigongana na kijani kibichi, ndiyo mizuri kuliko yote.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa Houston, kisha New York katika jumba la sanaa la Whitney, na wahakiki wakaishangilia. Mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta. Mwaka uliofuata baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai hawakupata fungu lao la haki la mapato. Shauri likaisha kwa mapatano.

Tangu 2022, kila Oktoba, mifarishi huanikwa kwenye kamba kijijini, kama ilivyokuwa ikianikwa zamani majira yalipogeuka. Wageni hupita katikati yake wakipapasa mishono. Anayetaka kununua humwuliza mshonaji mwenyewe, naye humtajia bei.