Kikomo cha Mkupuo, si Ukomo wa Uhamisho

Katika orodha ya istilahi za kompyuta inayozunguka sasa miongoni mwa wafasiri, kipimo kinachoizuia kerneli ya Linux isipitishe data kupita kiasi kwa amri moja inapowasiliana na diski ya nje kimepewa jina la "ukomo wa uhamisho". Mwalimu wa shule ya msingi akiyasoma maneno hayo ataelewa jambo moja tu: mwajiri amesitisha kuhamisha watumishi. Wala hatakuwa amekosea.

Kuhama ni kuondoka mahali. Anayehamishwa haonekani tena alikotoka. Faili linalonakiliwa kutoka kompyuta kwenda kwenye flashi halijahama, lipo pale pale. Na "ukomo" ni hali ya kukoma, kama tunavyosema ukomo wa hedhi. Kinachotafutwa hapa ni alama ambayo kitu kikiifikia husimama, na hicho ni kikomo. Tofauti hiyo yote imebebwa na kiambishi kimoja, na waliokabidhiwa kazi ya kuisanifu lugha walipaswa kuiona.

Wapo wanaotetea "shehena". Ni neno lenye heshima, limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupakia, na bandari zetu zimelitumia tangu enzi za majahazi. Lakini shehena ni mzigo wote wa chombo. Filamu ya gigabaiti 1 ndiyo shehena. Sisi tunatafuta jina la kile kipande kinachokwenda kwa mara moja.

Jina hilo tunalo: mkupuo. Kitenzi chake ni kupua, yaani kukung'uta, na nomino imezaliwa kwa kanuni ile ile iliyotoa mpasuo kwenye pasua na mchepuo kwenye chepua. Hakuna kilichobuniwa, hakuna kilichoungwa kwa gundi. Kila mstaafu Tanzania anajua malipo ya mkupuo ni yapi: ni fedha anazopewa kwa mara moja, tofauti na pensheni ya kila mwezi. Tena neno limo katika ngeli ya M-MI, kwa hiyo linahesabika bila taabu, mkupuo mmoja, mikupuo mia. Jaribu kuhesabu "uhamisho" uone ulimi utakavyokwama.

Na kuhesabu ndiyo shabaha yenyewe. Kwa diski za USB za kawaida, Linux huweka kikomo cha sekta 240 zenye baiti 512 kila moja, yaani kilobaiti 120 kwa mkupuo. Kwa zile za USB 3 huruhusu sekta 2048, ambazo ni megabaiti 1. Gigabaiti 1 basi huhitaji mikupuo 8,739 katika hali ya kwanza, na 1,024 tu katika ya pili. Katika itifaki ya zamani ya diski hizi, kila mkupuo hufunguliwa na amri ya baiti 31 na kufungwa na jibu la baiti 13, na unaofuata hauanzi kabla jibu halijafika. Muda unapotelea kwenye kungoja huko. Mwanafunzi aliyefundishwa "mkupuo" huiona sababu ndani ya neno lenyewe. Wa "uhamisho" hukariri.

Anayetaka kubadili kikomo, na diski yake imetambuliwa kama sdb, aandike idadi ya sekta kwenye faili la /sys/block/sdb/device/max_sectors akiwa na mamlaka ya msimamizi, akikumbuka kwamba chipu nyingine hukwama kikomo kikipandishwa na kwamba thamani hiyo hupotea diski ikichomolewa.

Pendekezo hili niliwahi kulifikisha mbele ya jopo linalosanifu istilahi hizo, kwa maandishi na kwa adabu. Nilijibiwa kwamba mkupuo ni "neno la wastaafu", halina hadhi ya kisayansi. Jibu hilo liliniudhi na linaniudhi hadi leo, kwa kuwa linadhani neno likieleweka na wengi limepoteza thamani. Watu wale wale wamepitisha "sekta" kwa kipande cha diski, ilhali wananchi wanaijua sekta ya afya na sekta ya kilimo, na hakuna aliyeuliza hadhi.

Jopo litakapokutana tena, lifute "ukomo wa uhamisho" na kuandika "kikomo cha mkupuo". Walimu na wafasiri wasisubiri kikao hicho. Waanze kulitumia sasa.