Pengo Katika Orodha ya Youn Yuh-jung

Wiki moja baada ya barua ya posa kufika nyumbani, shangazi alinipigia simu hosteli. Alikuwa na swali moja: "Sasa mama, hiyo masta utaendelea nayo ukishaolewa?" Nilicheka, nikasema tutaongea. Usiku huo niliangalia tena Minari, filamu ya familia ya Kikorea inayohamia mashambani Marekani, kwa ajili ya yule bibi tu.

Bibi huyo ni Youn Yuh-jung. Nasoma historia, na kwangu orodha ya kazi za mwigizaji ni nyaraka kama nyaraka nyingine. Ya kwake inaanza kwa kishindo. Mwaka 1971 aliigiza binti wa kazi katika filamu ya Kim Ki-young, Woman of Fire, na mwaka huohuo akawa Jang Hui-bin, suria wa mfalme, kwenye runinga. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, kurasa zinakuwa tupu. Aliolewa na mwanamuziki, akahamia naye Florida, wakapata watoto wawili wa kiume.

Pengo hilo halikuwa lake peke yake. Katika miaka ya 1960, sinema ya Korea Kusini ilikuwa na nyota watatu wa kike walioitwa Troika: Moon Hee, Nam Jeong-im na Yoon Jeong-hee. Moon Hee aliolewa mwaka 1971 akaaga filamu. Alikuwa na miaka 24. Nam naye aliacha kazi alipoolewa. Vitabu huliita jambo hilo kustaafu. Mimi nina miaka 26, na neno hilo nimezoea kulisikia kwa wazee wanaofuatilia mafao yao.

Youn alirudi Korea mwaka 1984, na mwaka 1987 ndoa ikavunjika. Wapo waliosema mwanamke aliyeachika hafai kuonekana kwenye runinga. Lakini alikuwa na watoto wa kulisha, hivyo alipokea alichopewa, hata nafasi ndogo ambazo nyota wa zamani angezionea haya. Kim Soo-hyun, mwandishi mwanamke aliyeheshimika sana katika tamthilia, alimpa nafasi tena na tena. Kwa miaka mingi Youn alikuwa mama wa fulani, mama mkwe wa fulani. Huko ndiko alikojifunza upya kazi yake.

Aprili 2021, akiwa na miaka 73, alikuwa Mkorea wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Jukwaani aliwashukuru wanawe wawili waliomlazimisha kwenda kazini. Watu walicheka. Mimi nilisikia hesabu ya kodi na ada.

Yoon Jeong-hee wa ile Troika naye alirudi, kwa njia nyingine. Baada ya miaka 16 bila filamu, mwaka 2010 aliigiza katika Poetry ya Lee Chang-dong. Ni bibi anayejifunza kuandika mashairi huku ugonjwa wa kusahau ukianza kumnyang'anya maneno. Mhusika anaitwa Mija, na jina halisi la Yoon lilikuwa Son Mi-ja. Baadaye ugonjwa huohuo ulimpata yeye mwenyewe. Alifariki Paris, Januari 2023.

Ni rahisi kuwasimulia hawa wawili kama ushindi. Lakini waliorudi ndio tunaowaona. Hatujui bibi gani Moon Hee angetuigizia akiwa na miaka 70, na hakuna nyaraka itakayotuambia.

Asubuhi nilimpigia shangazi. Nikamwambia masta naimalizia, na kwamba siku ya kikao cha mahari naomba jambo hilo lisemwe mbele ya wazee wa pande zote mbili. Alinyamaza kidogo. "Haya," akasema, "nitalisema mimi." Kisha akaniuliza kama nimekula.