Protini zilivyofichua siri ya mishipa inayoziba

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, lawama zote za ugonjwa wa mishipa ya moyo zilibebeshwa mafuta. Mgonjwa huambiwa lehemu yake iko juu, apunguze nyama zilizonona. Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, historia ya utafiti inaonyesha kuwa hatua nyingi kubwa zilipigwa pale wanasayansi walipozichunguza protini: zile zinazoyabeba mafuta hayo, zinazoyapokea, na zinazochochea uvimbe yanapojikusanya ndani ya ukuta wa mshipa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Mwaka 2013 watafiti walitangaza matokeo ya picha za CT za maiti 137 zilizohifadhiwa tangu enzi za kale, kutoka Misri, Peru na Amerika Kaskazini. Takribani theluthi moja zilikuwa na dalili za ateri zilizokakamaa.

Uchunguzi wa kikemia ulianza Ujerumani mwaka 1910, Adolf Windaus alipobaini kuwa ateri zenye ugonjwa zina lehemu nyingi mno kuliko ateri nzima. Miaka mitatu baadaye, huko St. Petersburg, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura lehemu iliyochanganywa na mafuta ya alizeti, na mishipa yao ikaota utando kama wa binadamu. Wengi hawakushawishika, kwa kuwa majaribio kama hayo kwa panya hayakutoa matokeo yale yale.

Lilibaki swali la msingi. Mafuta hayayeyuki katika maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Yanasafirije basi? Mwaka 1929, mjini Paris, Michel Macheboeuf alitenga kutoka kwenye damu ya farasi chembe ambamo mafuta na protini vimeshikamana. Kufikia mwaka 1950, John Gofman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akizungusha sampuli za damu kwa kasi kubwa mno na kuzitenganisha chembe hizo kwa uzito wake. Aligundua kuwa hazifanani, na kwamba baadhi ya aina zake huandamana na ugonjwa wa moyo. Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu wa leo wa kutofautisha LDL, inayoitwa lehemu mbaya, na HDL, inayoitwa lehemu nzuri.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa Kampala, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa lehemu, chakula na ugonjwa wa moyo nchini Uganda. Miongoni mwa Waafrika ugonjwa huo ulikuwa nadra sana, ilhali kwa jamii ya Waasia wa mji ule ule ulikuwa tatizo kubwa. Kazi hiyo bado hutajwa hadi leo.

Katika miaka ya 1970, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, waligundua protini iliyo juu ya seli ambayo kazi yake ni kuinasa LDL na kuiondoa kwenye damu. Watoto waliorithi hitilafu ya kipokezi hicho kutoka kwa wazazi wote wawili hupata mshtuko wa moyo wakiwa bado wadogo. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Baadaye ukaja uwezo wa kupima protini nyingi kwa mkupuo mmoja, taaluma inayoitwa proteomiki. Mwaka 2007 watafiti wa Seattle walionyesha kuwa HDL hubeba protini zipatazo 48, na kadhaa kati yake ni za kinga ya mwili. Huko Utrecht, Uholanzi, madaktari walianza mwaka 2002 kuhifadhi utando unaoondolewa kwenye ateri za shingo wakati wa upasuaji. Mwaka 2010 walieleza kuwa wagonjwa ambao utando wao ulikuwa na protini ya osteopontini kwa wingi ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na matatizo ya moyo na mishipa katika miaka iliyofuata. Kumbe utando huo si uchafu ulioganda kwenye bomba. Ni jeraha lililo hai. Jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000, lilithibitisha hilo: dawa inayozuia protini moja ya uvimbe ilipunguza mishtuko ya moyo bila kuigusa lehemu.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote kwetu ulitoka katika damu ya watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2003 iligundulika kuwa hitilafu katika protini ya PCSK9, ambayo huviharibu vipokezi vya LDL, huzipandishia familia fulani lehemu. Mwaka 2006 timu ya Dallas ilionyesha upande wa pili: Wamarekani weusi waliozaliwa na PCSK9 isiyofanya kazi vizuri walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, na hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilipungua kwa asilimia 88. Mojawapo ya mabadiliko hayo ya vinasaba lilionekana pia kwa wanawake wa Zimbabwe. Kufikia mwaka 2015, dawa za kuizuia PCSK9 ziliidhinishwa Marekani na Ulaya.

Hata hivyo, hazina kubwa za takwimu za protini zinajengwa kwingine. Mradi wa UK Biobank uliochapishwa mwaka 2023 ulipima protini karibu 3,000 katika damu ya watu zaidi ya 54,000, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Kwetu msingi upo: mradi wa AWI-Gen, wenye kituo Nairobi, umepima kwa ultrasaundi unene wa ukuta wa ateri za shingo za maelfu ya Waafrika. Kinachotakiwa sasa ni serikali na vyuo vikuu vyetu kugharimia upimaji wa protini katika sampuli za aina hiyo, hapa hapa, na wataalamu wetu wawe ndio wanaozichambua. Damu ya Waafrika imekwisha kuupa ulimwengu dawa. Ni haki uchunguzi unaofuata uanze na maswali ya wagonjwa wa Afrika.